Mvinyo ghali wa 2010 uliokukausha mdomo, na ule wa 2013 ulioteleza

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhudumu wa baa katika hoteli moja ya Dar es Salaam. Mwajiri wangu alinunua mvinyo mwekundu wa Ufaransa kutoka shamba moja tu la Pauillac, kijiji cha eneo la Bordeaux, wa miaka mitano tofauti: 2009, 2010, 2013, 2014 na 2016, chupa tatu kwa kila mwaka. Umekaa stoo miezi minane. Juzi tulitia chupa tatu kwenye friji ya bia, kisha tukazifungua na kuonja papo hapo ili tujue la kuwaambia wageni. Wa 2010, ambao ni ghali kuliko yote, ulinikausha mdomo kama nimetafuna ndizi mbichi. Wa 2009 ulikuwa na harufu ya jemu. Wa 2013, ambao bei yake ni karibu theluthi ya ule wa 2010, ndio uliotupendeza sote. Je, ulimi wangu una kasoro, au bei hizi ni za kuwapumbaza watu? Na wataalamu wanapimaje mvinyo wa miaka tofauti?

Jibu: Marahaba. Ulimi wako hauna kasoro, na maelezo yako ya chupa zile tatu ni sahihi kuliko mengi ninayoyasoma kutoka kwa watu wanaolipwa kuyaandika. Kilichokosekana ni utaratibu. Uliiuliza kila glasi swali moja tu, yaani kama inapendeza wakati huo huo, na kila glasi ilikujibu kwa uaminifu. Lakini bei ya mvinyo wa Pauillac haipangwi kwa swali hilo, na mwonjaji wa kazi haishii hapo. Yeye huuliza mambo matatu: hali ya hewa ya mwaka ule ilizipa zabibu nini, umri umeufanyia nini mvinyo tangu ulipotiwa chupani, na chupa hii hasa iliyo mbele yake imepatwa na nini njiani hadi kufika mezani. Yote matatu hufika ulimini yamechanganyika, na kazi nzima ya kuonja ni kuyatenga, kama mtu anavyochambua mchele akitoa chuya upande mmoja na mawe upande mwingine.

Nianze na mwaka, kwa kuwa ndio ulioandikwa kwenye lebo. Tarakimu zile ni za mwaka zabibu zilipovunwa. Mvinyo wa 2010 ulikaa kwenye mapipa ya mwaloni kwa takriban mwaka mmoja na nusu, ukatiwa chupani mwaka 2012, na kwa sheria za Umoja wa Ulaya angalau asilimia 85 ya kilichomo ni lazima kitokane na mavuno ya mwaka huo uliotajwa. Kwetu, ambako mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, ni rahisi kuona kwamba mwaka mmoja hautofautiani sana na mwingine. Bordeaux ni kwingine kabisa. Iko karibu na bahari ya Atlantiki, na mzabibu wake una nafasi moja tu: huchipua kati ya Machi na Aprili, huchanua mwanzoni mwa Juni, matunda hubadilika rangi mwezi Agosti, na huvunwa Septemba hadi Oktoba. Baridi kali ya Aprili huua machipukizi. Mvua ya Juni huangusha maua kabla hayajashika tunda. Agosti ikiwa na mawingu, maganda na mbegu hubaki mabichi hata kama sukari imepanda, na mvua ikinyesha mfululizo Septemba, ukungu huvamia vishada na mkulima hulazimika kuvuna kabla ya wakati ili asipoteze kila kitu.

Hayo ya mwisho ndiyo yaliyotokea mwaka 2013. Majira ya kuchipua yalikuwa ya baridi na mvua, uchanuaji ukaharibika, hasa kwa zabibu za aina ya Merlot, na mwishoni mwa msimu unyevu pamoja na joto vikaleta uozo. Wakulima walivuna kwa haraka, na mavuno yakawa madogo kuliko yote tangu 1991, mwaka wa baridi kali ya Aprili. Watengenezaji wenye busara walitambua kwamba maganda hayakuwa na mengi mazuri ya kutoa, kwa hiyo hawakuyakamua sana. Walitengeneza mvinyo mwepesi, wenye tanini kidogo, yaani zile chembe zinazokausha mdomo, wa kunywewa mapema. Mvinyo uliokupendeza, kwa hiyo, ni mvinyo uliokwisha kufika mwisho wa safari yake fupi. Hukukosea kuupenda. Ila usitarajie kwamba utakuwa na jambo jipya la kukueleza miaka mitano ijayo.

Mwaka 2010 ulikuwa kinyume chake karibu katika kila hatua. Kiangazi kilikuwa kikavu, mchana jua na usiku ubaridi, na matunda yakawa madogo yenye maganda manene. Kwa kawaida joto linapopandisha sukari hushusha asidi, hivyo mkulima hupata kimoja na kukosa kingine. Mwaka ule usiku wa baridi uliihifadhi asidi huku jua likiivisha sukari na tanini, na mvinyo ukatoka na vyote vitatu kwa wingi. Mvinyo wa namna hiyo unapokuwa kijana haupendezi. Ni kama mbao za mninga zilizopasuliwa jana: hakuna fundi mwenye akili anayezidharau, na hakuna anayezitengenezea kabati siku hiyo hiyo.

Mwaka 2009 ulikuwa na jua jingi na joto zaidi, tanini zikaiva zikawa laini, asidi ikawa chini kidogo, na mvinyo ukapendeza tangu ulipokuwa kwenye pipa. Nitaurudia, kwa sababu jemu uliyoinusa inanitia mashaka. Mwaka 2014 uliokolewa na mwisho wake, kwani Agosti ilikuwa ya ubaridi na watu wakakata tamaa, kisha Septemba na Oktoba zikawa kavu zenye jua, na zabibu za aina ya Cabernet Sauvignon za kaskazini mwa Médoc, sehemu ya Bordeaux ilimo Pauillac, zikaiva polepole na vizuri. Mwaka 2016 ulianza na mvua nyingi hadi katikati ya Juni, ukafuatiwa na ukame wa miezi mitatu; mvua ikanyesha kidogo katikati ya Septemba, wakati mizabibu ilipokuwa na kiu, kisha jua likarudi na watu wakavuna bila kukimbizwa na mtu. Tanini za 2016 ni nyingi kama za 2010, lakini punje zake ni laini zaidi, na hilo utalihisi kwenye ufizi.

Jihadhari na majedwali yanayotoa alama moja kwa Bordeaux nzima. Kuipa Bordeaux nzima alama moja ni kama kutoa takwimu moja ya mvua kwa Tanzania yote, Bukoba na Dodoma zikiwa kapu moja. Upande wa kushoto wa mto, yaani Médoc, Cabernet Sauvignon ndiyo inayotawala. Upande wa kulia, Saint-Émilion na Pomerol, ni Merlot, ambayo huiva mapema kwa wiki moja au mbili. Mvua ikinyesha katikati ya wiki hizo mbili, upande mmoja hupona na mwingine huumia. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, ambapo Pomerol na Saint-Émilion zilipata mvinyo wa kukumbukwa huku Médoc ikipata wa wastani. Mwishoni mwa Aprili 2017 baridi kali iliunguza mashamba mengi ya Bordeaux, lakini yale yaliyo ukingoni mwa mto Gironde yalinusurika kwa sababu maji mengi hutunza joto. Anayekwambia tu kwamba 2017 ulikuwa mwaka mbaya hajakueleza shamba liko umbali gani kutoka mtoni.

Sasa umri. Kile kilichokukausha mdomo ni tanini, na Kiswahili kina neno sahihi kabisa kwa kazi yake: ukakasi. Tanini hutoka kwenye maganda, mbegu na vikonyo vya zabibu, na kidogo kwenye mbao za pipa. Zinapofika mdomoni hushikana na protini za mate, na mate yanapopoteza ule utelezi wake, ulimi na ufizi hukwaruzana. Mfano wako wa ndizi mbichi ni mzuri, lakini mimi ningekuomba utumie zambarau, kwa sababu zambarau hukufundisha pia kutofautisha. Ukila ambayo haijaiva, ukakasi wake hukunja mdomo wote na kuacha uchungu nyuma ya ulimi. Ukila iliyoiva hadi kukaribia kupasuka, ukakasi bado upo, lakini umevikwa nyama na utamu wa tunda, na hupotea taratibu ukiacha hamu ya kula nyingine. Wingi wa tanini ni jambo moja, ubora wake ni jambo jingine, na mwonjaji anayechanganya hayo mawili atakosea kila mara kuhusu mvinyo kijana wa Bordeaux. Tanini nyingi zilizoiva ni akiba. Tanini mbichi hubaki mbichi hata ukingoja miaka thelathini. Kinachobadilika ni kwamba tunda lililokuwa linazifunika huondoka, zikabaki peke yake.

Ndani ya chupa iliyolala mahali penye ubaridi, tanini hizo hushikana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na chembe za rangi, mpaka nyingine huwa nzito na kuzama chini kama mashapo. Ndiyo maana mvinyo mkongwe huwa laini zaidi na hafifu wa rangi, ukitoka zambarau kwenda wekundu wa damu, kisha wekundu wa tofali, kuanzia ukingoni. Harufu nazo huhama. Tunda bichi la awali hurudi nyuma, na kwa Pauillac hujitokeza mwerezi, tumbaku, ngozi, na kitu kama penseli iliyochongwa sasa hivi. Katikati ya safari hiyo kuna kipindi cha ajabu ambacho Wafaransa huita kujifunga: tunda la ujana limekwisha kutoka, harufu za uzee hazijafika, na mvinyo mzuri kabisa huonekana kama hauna kitu isipokuwa ukakasi na ukimya. Mvinyo wa 2010 kutoka mashamba makubwa ya Médoc umekaa katika hali hiyo kwa muda mrefu.

Kabla hujaihukumu chupa yako, hata hivyo, lazima nikwambie kwamba jaribio lako halikuwa la haki. Friji ya bia iko kwenye nyuzi nne au tano. Ubaridi wa kiasi hicho huficha harufu na kuongeza nguvu ya ukakasi na uchungu, kwa hiyo uliutoza mvinyo wa 2010 kodi mara mbili: ukaunyima kilicho bora ndani yake na kukuza kilicho kigumu. Ule wa 2013, ambao hauna tanini nyingi, ubaridi haukuwa na cha kuukuzia. Nina hakika pia kwamba mlikuwa mmetoka kula kitu chenye pilipili, maana sijawahi kufika jiko la hoteli ya Dar es Salaam nikakuta wafanyakazi wanakula chakula kisicho na pilipili; nayo huchochea moto wa alkoholi na kufanya tanini zionekane kali. Ukosefu wa hewa ulikuwa dhuluma ya nne. Mvinyo uliofungiwa zaidi ya miaka kumi hauwezi kusimama na kuhutubia ndani ya dakika moja.

Rudia, na safari hii uonje miaka yote mitano pamoja. Wenyewe huita kuonja kwa wima: shamba moja, miaka mbalimbali. Kuonja mwaka mmoja kutoka mashamba mbalimbali huitwa kuonja kwa mlalo, na hukufundisha kuhusu mashamba. Huku kwa wima ndiko kunakofundisha kuhusu miaka, kwa sababu udongo, aina za zabibu na mara nyingi hata mikono ni ile ile. Gharama isikutishe. Waonjaji wanne wakipata mililita 50 kila mmoja, chupa ya mililita 750 inabaki na 550, na hizo mnaweza kuziuza kwa glasi jioni hiyo hiyo; wageni wengi watalipa kwa furaha kuonja miaka miwili ya shamba moja bega kwa bega.

Zisimamishe chupa wima siku moja kabla ili mashapo yashuke. Kanuni ya zamani isemayo mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba ilitungwa na watu wenye nyumba za mawe na majira ya baridi. Chumba chao kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18, chako kina 30. Kama chupa zimekaa stoo, zitie kwenye friji mpaka zikaribie nyuzi hizo 16 hadi 18 tu. Zifungue saa moja na nusu kabla ya kuonja, na umimine polepole kwenye chombo kipana cha kioo, ukisimama pale unapoona uchafu mweusi unakaribia shingo. Tumia glasi zilizobanwa mdomoni, ujaze chini ya theluthi. Kisha mwombe mwenzako azivike chupa soksi au karatasi na kuzipa herufi, wewe ukiwa nje ya chumba. Hatua hii wanafunzi wangu huiona kama mchezo, nami huwakumbusha jaribio lililochapishwa mwaka 2001 na watafiti wa Bordeaux, ambamo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno yale yale yanayotumika kwa mvinyo mwekundu. Ikiwa rangi peke yake inaweza kuipotosha pua iliyosomea kazi hiyo, fikiria lebo ya bei inaweza kufanya nini.

Sasa chukua glasi ya kwanza. Ilaze juu ya karatasi nyeupe na utazame ukingo, pale mvinyo unapokuwa mwembamba hadi kupata rangi ya maji. Ukingo wa zambarau au waridi unasema ujana; wa tofali au rangi ya chungwa unasema umri, au unasema joto, na hapo andika alama ya kuuliza. Nusa kwanza bila kuzungusha. Unatafuta ugonjwa wa kizibo, ambao huletwa na kemikali moja inayojitengeneza kwenye gome la mti wa koki. Harufu yake ni ya boksi la karatasi lililoloa, au tambara la deki lililosahauliwa kwenye ndoo tangu juzi. Ukiipata, acha kuuhukumu mwaka, kwa sababu chupa hiyo haiwezi kuutolea ushahidi. Halafu zungusha glasi na unuse tena. Usijilazimishe kutafuta matunda ya Ulaya ambayo hujawahi kuyaonja. Ukisikia zambarau, ubuyu, karafuu, ngozi ya viatu vipya au tumbaku, andika hivyo hivyo, maana daftari ni lako na pua ni yako. Ukisikia pilipili hoho mbichi iliyokatwa sasa hivi, umepata alama ya Cabernet ambayo haikuiva sawasawa. Kidogo tu hupendeza na huongeza uhai. Ikitawala, unajua majira yalikuwaje bila kuitazama lebo.

Mdomoni, chukua kiasi cha vijiko viwili vya chai, kisha vuta hewa juu yake kama mtu anayekunywa uji wa moto. Asidi utaijua kwa mate yanayotoka pembeni ya ulimi. Alkoholi utaijua kwa joto la koo. Tanini zitafute kwenye ufizi, chini ya mdomo wa juu, na uulize: ni chembechembe laini kama unga wa sembe, au ni kavu kama chai iliyosahauliwa jikoni? Tema, na uanze kuhesabu. Tunda likitoweka ndani ya sekunde tano na ukakasi ukabaki peke yake, mvinyo hauna cha kungojea. Tunda likirudi baada ya ukakasi, likakaa sekunde kumi, kumi na tano, ishirini, basi ugumu ulioupata mwanzoni ulikuwa ganda tu. Kipimo hiki cha mwisho ndicho ninachokiamini kuliko vyote, na ndicho ambacho jaribio lenu la juzi halikukifikia, kwa sababu ndizi mbichi ilikufukuza mezani kabla ya kuhesabu.

Tafuna kipande cha mkate mkavu na unywe maji kati ya glasi na glasi, kwa sababu tanini hujilimbikiza na glasi ya tano huonekana kali kuliko ilivyo. Ukimaliza, rudi kinyumenyume kutoka ya tano hadi ya kwanza. Usizimwage. Onja tena baada ya nusu saa, na tena baada ya saa moja. Ninatarajia kwamba mvinyo wa 2013 utakuwa wa kwanza kuchoka, na kwamba ule wa 2010, kama chupa ni nzima, ndio utakaokuwa umebadilika kuliko wote. Na andika maneno kabla ya alama. Mkosoaji wa mvinyo Mmarekani, Robert Parker, aliyejijengea jina kwa kuyasifu mapema mavuno ya 1982, ndiye aliyeieneza duniani mizani ya alama 100, na wafanyabiashara wanaipenda kwa sababu inatosha kwenye kibandiko cha bei. Mimi naona alama moja inaficha jambo ambalo mhudumu analihitaji zaidi, yaani kama mvinyo ni bora na kama uko tayari. Weka safu mbili katika daftari lako, moja kwa kila swali, na fumbo la bei yako litafumbuka lenyewe, kwa kuwa 2010 utaongoza safu ya kwanza na 2013 safu ya pili.

Hapo tumerudi kwenye bei. Mvinyo wa mashamba makubwa ya Bordeaux kwa kawaida huanza kuuzwa katika majira ya kuchipua yanayofuata mavuno, ukiwa bado kwenye pipa, na wanunuzi na wakosoaji huuonja huko huko. Bei ya awali, kwa hiyo, ni utabiri wa maisha ya mvinyo. Château Latour, jirani mkubwa wa shamba lenu hapo Pauillac, ilijitoa katika utaratibu huo kuanzia mavuno ya 2012, na sasa hutoa mvinyo wake pale inapoona umekaribia kunyweka. Wengi wa wengine wanaendelea kuuza ahadi. Unaponunua 2010 unalipia miongo. Anayetaka kunywa leo usiku analipia kitu ambacho hatakitumia. Hakudanganywa mtu, ila kwa hoteli isiyo na ghala la baridi ununuzi huo haukuwa wa busara, na kwa fedha ile ile ningechukua 2014 mara mbili.

Limebaki la tatu, yaani chupa, na jemu ya 2009. Mwaka ule ulikuwa wa jua, kwa hiyo tunda lililoiva sana ni jambo la kutarajiwa. Lakini miezi minane kwenye stoo ya Dar es Salaam nayo hutoa jemu. Mvinyo wa aina hii hutakiwa kulala kwenye nyuzi 12 hadi 14. Ukikaa kwenye nyuzi 28 au 30 mfululizo, mabadiliko ya uzee hukimbia bila mpangilio, na kinachopatikana ni mvinyo uliopikwa. Tunda lililoivishwa na jua lina uhai ndani yake: linanukia zambarau mbivu, na mate yanatoka. Lililopikwa linanukia tende zilizochemshwa au sukari guru, rangi yake ni ya kahawia kuliko umri wake, na ladha hukatika ghafla kama taa za umeme. Nilishawahi kununua chupa mbili za mwaka mmoja, boksi moja, duka moja, zikapangwa kwenye rafu moja, nyingine karibu na dirisha. Ya dirishani ilikuwa imekufa miezi sita baadaye, na dada yake alikuwa mzima kabisa.

Uzuri wa kuonja kwa wima ni kwamba utakupa jibu bila maabara. Miaka inatofautiana, lakini stoo ilikuwa moja. Ukikuta jemu ile ile katika 2014, mwaka wa ubaridi ambao haukustahili kuwa nayo, mlaumu mwenye stoo. Ikiwa iko katika 2009 peke yake, na glasi nyingine zote ni changamfu, ni jua la mwaka ule. Tazama pia vizibo kabla ya kufungua: kilichosukumwa juu kikainua kifuniko, au chenye alama za mvinyo ulionata pembeni, kimepata joto, iwe stoo au kwenye kontena bandarini, kwa sababu mvinyo ukipata moto hutanuka na hauna mahali pengine pa kwenda.

Wiki hii, kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, tia kipimajoto stoo na ukisome saa nane mchana. Kikisoma zaidi ya nyuzi 20, hamishia chupa zote kwenye friji maalumu ya mvinyo, au kwenye chumba chenye kiyoyozi kisichozimwa usiku, zikiwa zimelala. Baada ya kuonja mtabaki na chupa saba: moja moja za 2009, 2010 na 2013, mbili za 2014 na mbili za 2016. Wa 2013 uuzwe kwanza, mwezi huu, kwa mgeni anayekula samaki wa kupaka au kuku, na umwambie bila haya kwamba ni mwepesi. Wa 2014 uwekwe kwenye orodha ya kila siku. Wa 2009 uamuliwe na kile mtakachokiona mezani. Wa 2016 na 2010 itunzeni ikiwa tu mmepata mahali penye ubaridi wa kudumu. Mkikosa, iuzeni mwaka huu huu kwa anayekula nyama nyekundu, ikiwa imemiminwa saa mbili kabla, maana katika stoo yenye joto mvinyo wa 2010 hauwezi kungoja kulainika.